Namba Iliyozaliwa na Mbili
(Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika ukumbi wa hekalu, Sola, siku ya maadhimisho)

Vijana mlioketi nyuma karibu na mlango, tunaomba msogee mbele, kwa kuwa maneno haya ni yenu zaidi kuliko ya wakubwa.

Kamati ilitutaka tuzungumze ama juu ya dini ama juu ya biashara. Tumechagua namba moja tu, kwa sababu namba hiyo imeingia katika mambo yote mawili, na kwa sababu imesemwa uongo kwa jina letu.

Kila inapokaribia Diwali, hupita katika simu zetu ujumbe usiokosa picha ya hekalu lenye kung'aa. Ujumbe huo husema kwamba katika hekalu moja la Kashi, mji ambao wengine huuita Banarasi, zimesimamishwa sindano tatu za almasi. Katika sindano ya kwanza Mungu Brahma alivika sahani 64 za dhahabu, kubwa chini na ndogo juu, siku alipoumba ulimwengu. Makuhani wanazihamisha usiku na mchana, sahani moja kwa mara moja, na sahani kubwa hairuhusiwi kukaa juu ya ndogo. Siku sahani zote zitakapokuwa zimehamia sindano nyingine, hekalu litageuka vumbi na dunia itakwisha.

Ni hadithi nzuri. Lakini si yetu. Sahani hizo hazipo Kashi wala hazijapata kuwapo. Mchezo huo ulitolewa Ufaransa mwaka 1883 na mwanahisabati Édouard Lucas, aliyezaliwa katika mji wa Amiens. Aliuuza kwa jina la kubuni, N. Claus de Siam, na mtu akizipanga upya herufi za jina hilo atapata Lucas d'Amiens. Hadithi ya Banarasi ilitungwa ili kuupamba mchezo, na mwaka 1884 mwandishi Henri de Parville akaieneza. Hatuna ugomvi na Bwana Lucas. Alikuwa bingwa wa kweli, na mwaka 1876 alithibitisha kuwa namba moja yenye tarakimu 39 ni namba tasa, kazi aliyoifanya bila mashine. Ugomvi wetu ni na sisi wenyewe, tunaopokea sifa isiyo yetu na kuisambaza kwa fahari, ilhali sifa iliyo yetu kwa haki haijulikani hata na watoto wetu. Hiyo tutaifikia.

Kwanza tuitazame namba yenyewe. Chukueni sahani za kulia chakula. Sahani moja yahitaji hatua moja. Sahani mbili zahitaji hatua tatu: ndogo pembeni, kubwa mahali pake, ndogo juu yake. Sahani tatu zahitaji saba, kwa kuwa ni lazima uziondoe kwanza zile mbili za juu kwa hatua tatu, uhamishe kubwa kwa hatua moja, kisha uzirudishe zile mbili kwa hatua tatu nyingine. Nne zahitaji kumi na tano. Kila sahani inayoongezwa hufanya kazi iwe mara mbili ya ile ya awali, na moja juu yake. Ukifika sahani ya 64 hatua ni hizi:

18,446,744,073,709,551,615.

Kwa Kiswahili tunaisoma kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, laki tano, elfu hamsini na moja, mia sita na kumi na tano. Nyumbani, babu zetu wangezitenga tarakimu hizo mbili mbili baada ya tatu za mwisho, wakaandika 1,84,46,74,40,73,70,95,51,615, kwa sababu hesabu ya Kigujarati hupanda kwa laki, karodi na abaji. Tazameni neno hilo la laki. Mkulima wa pamba anayesema amelipwa laki tatu anatumia neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. Anaposema moja, mbili, tatu, anatumia maneno ya Kibantu; anaposema sita, saba, tisa na ishirini, ni ya Kiarabu; akifika milioni amekwenda Ulaya. Anazungumza na mabara matatu akiwa bado amesimama penye mizani.

Namba hii ilijulikana kabla ya Lucas kwa miaka mingi, kwa njia ya sataranji. Jina hilo la mchezo ni la Kisanskriti, chaturanga, yaani jeshi la vikosi vinne. Waajemi na Waarabu wakalipokea na kulifanya shatranji, na pwani yetu ikalifanya sataranji. Ubao wake una miraba 64. Masimulizi ni kwamba mtu mmenyu wa akili aitwaye Sisa alimpa mfalme wa Bara Hindi mchezo huo, na alipoulizwa anataka zawadi gani akaomba nafaka tu: punje moja katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kuendelea hivyo kwa kuongeza mara mbili hadi mraba wa mwisho. Mfalme alicheka akaona mgeni huyu ni mjinga. Jumla ya punje ni ile ile namba yetu, bila kupungua hata moja. Aliyeihesabu sawasawa, yapata mwaka 1000, ni Mwislamu Al-Biruni wa Khwarizmi, ambaye baadaye alijifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi. Kwa hiyo majirani zetu Waislamu nao wana hisa yao katika jambo hili.

Masimulizi hayo huzungumza juu ya ngano. Sisi wa Simiyu tupime kwa mtama. Punje elfu moja za mtama zina uzito wa gramu 30 hivi, nyingine zaidi, nyingine pungufu, kulingana na mbegu na mvua. Mstari wa kwanza wa ubao, miraba minane, una punje 255, nazo hazijazi kiganja cha mtoto. Mistari miwili ina punje 65,535, kilo mbili hivi. Mama anaweza kupika ugali. Mistari mitatu ni magunia matano ya kilo mia. Mpaka hapo mfalme ana haki ya kucheka. Mistari minne, yaani nusu ya ubao, ni punje 4,294,967,295, takriban tani 129. Hapo tumeingia katika biashara ya malori, lakini bado ni biashara. Wako watu mjini Bariadi wanaoweza kununua mzigo huo kwa msimu mmoja na kuuweka ghalani.

Nusu ya pili ndiyo iliyomfilisi mfalme. Mistari mitano ni tani elfu 33 na sita ni tani milioni nane na nusu. Mistari saba ni tani bilioni mbili na zaidi, nafaka zote za dunia nzima hazizidi sana hapo, kwa kuwa mavuno ya mwaka mmoja duniani ni kama tani bilioni 2.8. Na mstari wa nane ukijazwa, jumla inakuwa tani bilioni 553. Dunia yote ilime, ivune, isile, impelekee Sisa kila punje, na ifanye hivyo kwa miaka mia mbili.

Wahenga wa Kiswahili walisema haba na haba hujaza kibaba. Wamesema kweli, lakini hiyo ni hesabu ya kujumlisha. Hesabu ya kuzidisha mara mbili haijazi kibaba. Inakimeza, pamoja na ghala na shamba. Tofauti ya hesabu hizi mbili ndiyo iliyotuleta mbele yenu leo, na tutairudia tukishafika kwenye fedha.

Sasa wazee wanaocheza bao chini ya mti, ambalo Wasukuma huliita isolo, mtuwie radhi tukiwaingilia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji miraba 64, bao kete 64. Tukiyatia mashimo ya bao punje kwa desturi ya Sisa, moja, mbili, nne, nane, mashimo 32 yatakuwa na ile nusu ya ubao: 4,294,967,295. Namba hii ya bao ina sifa moja ambayo huwashangaza hata walimu. Mpeni fundi rula isiyo na alama na bikari, mwambieni achore umbo lenye pande zote sawa. Pande tatu ataweza, pande tano ataweza akifundishwa, pande saba hataweza kamwe, hata akikesha. Mwaka 1796 kijana wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 18, alionyesha kuwa pande 17 zinawezekana, jambo ambalo Wagiriki wa kale hawakulijua. Kutokana na kazi yake tunajua leo kwamba, miongoni mwa namba witiri zinazofahamika kuwezekana kwa rula na bikari, iliyo kubwa kuliko zote ni hii ya bao letu. Umbo la pande bilioni nne na zaidi halitachorwa na mtu. Jicho lingeliona ni duara tu. Lakini njia ya kulichora ipo.

Sababu yake imo katika vigawo. Namba ya bao ni zao la namba tasa tano: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni moja zaidi ya namba iliyopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili. Mfaransa Fermat, katika karne ya 17, aliamini kuwa inayofuata katika safu hiyo, 4,294,967,297, nayo ni tasa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Namba ya bao ukiizidisha kwa hii ya Fermat unapata ubao mzima wa sataranji. Kwa hiyo namba yetu kubwa imejengwa kwa matofali saba tu: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Vijana mnaosoma sekondari, fanyeni zao hilo kwa mkono usiku mmoja umeme ukikatika. Tarakimu ishirini zitatoka kama tulivyozisema.

Na zitazameni tarakimu zenyewe. Namba hii imezaliwa na mbili, imelelewa na mbili, ni mbili iliyozidishwa kwa mbili mara kwa mara hadi ikafika hapo, kisha ikaondolewa moja. Tafuteni tarakimu ya 2 ndani yake. Haimo. Tarakimu nyingine zote kuanzia sifuri hadi tisa zimo. Mzazi peke yake ndiye hakualikwa. Hakuna maana yoyote iliyofichwa katika hilo, tunalisema kwa furaha tu, kama mtu anavyoonyesha jiwe lenye umbo zuri aliloliokota njiani.

Tulisema tutafika kwenye sifa iliyo yetu kwa haki. Wanazuoni wanakadiria kwamba yapata karne ya tatu au ya pili kabla ya Kristo, aliishi Bara Hindi mtaalamu wa ushairi aitwaye Pingala. Alijishughulisha na mizani za beti. Katika Kisanskriti silabi ni nyepesi au nzito, fupi au ndefu. Pingala akajiuliza, ubeti wenye silabi kadhaa waweza kupangwa kwa namna ngapi? Silabi moja ina namna mbili, silabi mbili namna nne, tatu namna nane. Hii ndiyo hesabu ya Sisa, imetoka katika mashairi kabla ya kutoka katika nafaka. Lakini Pingala hakuridhika na kuzidisha kwa mbili mara moja moja hadi mwisho. Alifundisha njia ya mkato: igawe idadi ya silabi kwa mbili mpaka ufike moja, kisha rudi juu, na kila ulipogawa kwa nusu, zidisha namba kwa yenyewe. Kwa 64 unagawa mara sita. Ukirudi unaanza na 2, mbili kwa mbili ni 4, nne kwa nne ni 16, kumi na sita kwa kumi na sita ni 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296, na mara ya sita unaipata 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja, umemaliza. Hatua sita badala ya sitini na kitu. Mashine za hesabu za leo, zikiwemo simu zilizomo mifukoni mwenu, bado hutumia njia ya namna hiyo zinapokuza namba.

Hili ni la kweli, limeandikwa, na halihitaji sindano za almasi. Mtu akitaka kutuma ujumbe wakati wa Diwali, na atume huu.

Ubeti wa kawaida wa Bhagavad Gita una vipande vinne vya silabi nane, jumla 32, sawa na mashimo ya bao. Washairi wa Kiswahili nao hawako mbali. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti; mshororo una ukwapi na utao, mizani nane na nane; mara nne ni mizani 64. Mshairi wa pwani hatofautishi silabi nyepesi na nzito kama Pingala, yeye huhesabu tu. Lakini lau angetofautisha, idadi ya namna za kuupanga ubeti mmoja wa tarbia ingekuwa ile ile aliyoomba Sisa, na punje moja zaidi. Tunapenda pia kwamba Kiswahili huita mizani kipimo cha pamba na kipimo cha shairi kwa neno moja. Mpunjaji wa kipimo cha kwanza hujulikana msimu huo huo. Wa pili hujulikana akianza kuimba.

Turudi kwa Brahma, kwa sababu vijana watauliza: kama hadithi ya sahani si yetu, hesabu yetu ya mwisho wa dunia inasemaje? Inasema kwa tarakimu. Kali Yuga ni miaka 432,000. Dvapara ni mara mbili yake, Treta mara tatu, Satya mara nne. Zote pamoja ni miaka 4,320,000. Zidisha kwa elfu moja: miaka 4,320,000,000 ndiyo mchana mmoja wa Brahma, na usiku wake una urefu huo huo. Mwisho wa kila mchana viumbe hulala katika pralaya; asubuhi huanza tena. Brahma huishi miaka mia moja ya siku hizo.

Sasa tuwape makuhani wa Lucas sahani zao. Wakihamisha sahani moja kila sekunde bila kupumzika, watamaliza baada ya miaka bilioni 584 na nusu. Kwa kalenda ya Brahma hizo ni siku 67 na kitu, mchana na usiku, yaani miezi miwili na wiki moja hivi ya maisha yake. Kabla hawajamaliza, ulimwengu wao ungekuwa umelala na kuamka zaidi ya mara sitini, na hekalu pamoja na almasi zake vingekuwa vimekwisha usiku wa kwanza tu. Aliyetunga hadithi hiyo hakujua hesabu ya Mapurana. Kwetu sisi huo ni ushahidi wa kutosha, hata kama mwaka 1883 usingejulikana.

Mtu makini ataona jambo jingine. Mchana wa Brahma ni miaka 4,320,000,000, na namba ya bao ni 4,294,967,295. Zimekaribiana mno, tofauti haifiki sehemu moja katika mia. Tena wataalamu wa miamba husema dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54, nayo haiko mbali. Tumewahi kusikia watu wakijenga nyumba za ghorofa juu ya ukaribu wa namna hiyo, wakisema wahenga walijua yote. Tunawaomba msijenge. Namba ya Brahma imetengenezwa ili igawanyike kwa urahisi: ina vigawo 384, na ukiigawa kwa 108, idadi ya shanga za mala, unapata milioni 40 kamili. Ni namba ya watu waliopenda kugawa wakati kwa miezi, siku na saa bila kubakisha. Namba ya ubao ina vigawo 128 tu, na ukiigawa hata kwa saba inabakisha moja. Mashina yao ni tofauti kabisa. Kukutana kwao ni kama wasafiri wawili kukutana stendi ya Bariadi, mmoja anaelekea Mwanza, mwingine Shinyanga. Heshima ya wahenga wetu haihitaji kutegemezwa kwa bahati.

Tumefika kwenye fedha, na hapa tunaomba watoto nao wasikilize.

Katika nusu na nusu za ubao kuna sifa moja iliyo muhimu kuliko zote tulizotaja: kila mraba una punje moja zaidi ya miraba yote iliyoutangulia ikijumlishwa pamoja. Mraba wa nne una nane. Wa kwanza, wa pili na wa tatu jumla yao saba. Ni hivyo hadi mraba wa 64.

Mnaijua michezo ya upatu inayokuja kwa majina mapya kila baada ya miaka michache. Mtu anaambiwa atoe fedha, alete watu wawili, na hao walete wawili wawili, naye atalipwa mara mbili au tatu. Anayeanzisha ni mmoja, wanaofuata wawili, kisha wanne. Katika mzunguko wa 21 jumla imefika watu 2,097,151. Mkoa wetu wote wa Simiyu, kwa sensa ya 2022, una watu milioni mbili na ushei, pamoja na watoto wachanga. Katika mzunguko wa 26 zinahitajika roho 67,108,863, na sensa hiyo hiyo ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Hakuna nchi ya kuwatoa. Na mchezo ukikatika popote, uwe mzunguko wa kumi au wa ishirini, walioingia mwisho ni wengi kuliko wote waliowatangulia, kwa sababu ya sifa ile ya mraba. Yaani zaidi ya nusu ya walioingia hupoteza, kila mara, hata kama mwenye mchezo angekuwa mtu mwaminifu. Haihitaji kumchunguza tabia. Inatosha kumhesabia.

Mapatano mengine huja kwa sura ya msaada. Msimu wa palizi fedha huwa haba, na kuna wanaokopesha kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Wananchi wenyewe wameipa mikopo hiyo jina la kausha damu. Asilimia kumi husikika kama mstari wa kwanza wa ubao. Lakini riba isiyolipwa ikiongezwa juu ya deni, laki moja inakuwa laki mbili kabla ya mwezi wa nane kwisha, na baada ya miaka miwili inakuwa shilingi 984,973. Mkulima aliyeweka saini alikuwa anafikiria haba na haba. Mkopeshaji alikuwa anafikiria sataranji. Sisi wenye maduka tumekuwa tukiandika madeni katika madaftari tangu enzi za wazee wetu walionunua pamba kwa mkono, na tunasema mbele yenu nyote: deni lililoandikwa dukani libaki kuwa namba ile ile mpaka lilipwe. Vijana wetu mnaorithi madaftari hayo, tunawataka mkae na jirani yenu, mumfanyie hesabu hii kwa karatasi kabla hajaweka saini kokote, iwe kwenu au kwa mtu mwingine. Dakika kumi zinatosha. Asipojua kusoma, fanyeni kwa punje.

Kwa ajili hiyo tumeweka meza barazani, na juu yake ubao wa sataranji na debe la mtama. Mstari wa kwanza umekwisha kujazwa. Watoto wanaotaka kujaza wa pili wanaruhusiwa, punje moja moja, ingawa tunawaonya kuwa mraba wa kumi na sita peke yake una punje 32,768 na hautoshi kitu. Mstari wa tatu unataka magunia matano, na tuliyo nayo yamekwenda jikoni.

Chakula kiko tayari. Prasadi itagawiwa kwanza kwa wazee, kisha wageni, kisha sisi wenyeji. Karibuni nyote.